Mnyama uliyemla, yeye alikula nini?



Ndugu msomaji, wiki chache baada ya Idd el-Hajj alikuja kituoni kwetu mama mmoja wa makamo, mgonjwa wetu wa shinikizo la damu wa siku nyingi. Siku hiyo presha yake ilikuwa 180 kwa 110. Nilipomuuliza kuhusu vidonge, akasema anameza, ila "siku nyingine nasahau." Nilipomuuliza kuhusu chakula, akafunguka. Kaka yake alimletea shahamu ya ng'ombe kutoka Singida. Aliiyeyusha, akaijaza kwenye ndoo ndogo, na tangu siku hiyo mboga zote za nyumbani zilikuwa zikikaangwa kwa shahamu hiyo. Mafuta ya dukani aliyaacha kabisa.

"Haya si mafuta ya kiwandani, daktari," aliniambia. "Ng'ombe wa kaka yangu hajui sindano wala pumba. Amekula majani ya Mwenyezi Mungu mpaka siku aliyochinjwa. Sasa na huyu naye atakuwa na madhara, mwanangu?"

Foleni ilikuwa ndefu, nikamjibu kwa maneno machache na kumwandikia kipimo cha lehemu katika damu, akakifanyie hospitali. Lakini swali lake lilistahiki jibu refu zaidi, kwa sababu nimelisikia kwa watu wengi, misikitini, buchani na hata kwa wauguzi wenzangu. Wapo wanaoamini kuwa mafuta ya mnyama wa kienyeji ni dawa, hayana kiasi. Na wapo wanaoamini kuwa mnyama akishachinjwa kwa Bismillah basi yaliyotangulia hayana maana, awe alikula majani au alikula takataka. Makundi yote mawili yana sehemu ya ukweli, na yote mawili yanaweza kudhurika.

Allah (SW) katika Suratul Baqara, aya ya 168, ametutaka tule vilivyo halali na pia vilivyo vizuri. Ni sifa mbili, si moja. Uhalali wa nyama tunaujua kwa namna ya kuchinja na aina ya mnyama. Ama uzuri wake, sehemu kubwa huanzia kwenye malisho na kwenye mikono ya mfugaji. Tuanze na mafuta yenyewe.

MAFUTA SI YA AINA MOJA

Chukua kijiko kimoja cha mafuta ya alizeti na kingine cha shahamu iliyoyeyushwa, uviache mezani usiku kucha. Asubuhi utakuta alizeti bado ni maji, na shahamu imeganda. Mafuta yote yamejengwa kwa vipande vidogo viitwavyo asidi za mafuta. Vipande vya shahamu vingi vimenyooka, hivyo hulaliana kwa urahisi kama kuni zilizofungwa mzigo, na ndiyo maana huganda. Vile vya alizeti vingi vimepinda, havilaliani vizuri, hivyo hubaki maji. Katika makala hii tutayaita ya kwanza mafuta magumu na ya pili mafuta laini.

Mafuta magumu yakizidi katika chakula, ini hupunguza kasi ya kuondoa lehemu mbaya katika damu. Lehemu hiyo hupanda, na kwa miaka mingi hujikusanya kwenye kuta za mishipa ya moyo na ya ubongo. Mtu hasikii maumivu yoyote mpaka mshipa uzibe. Kwa mwenye presha au kisukari hatari ni kubwa zaidi, maana mishipa yake tayari imeshaumizwa na maradhi hayo.

Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta magumu yasizidi asilimia 10 ya nguvu yote tunayopata katika chakula. Kwa mtu anayehitaji kilokalori 2,000 kwa siku, hiyo ni gramu 22 hivi. Sasa pima: kijiko kimoja kikubwa cha shahamu ya ng'ombe kina gramu 13 za mafuta, na karibu nusu yake, yaani gramu 6 na zaidi, ni mafuta magumu. Vijiko vitatu katika mboga ya mtu mmoja vinakaribia kumaliza fungu lake la siku, kabla hajaongeza maziwa, mayai, maandazi wala tui. Na sisi watu wa pwani tukumbuke kuwa mafuta ya nazi nayo zaidi ya asilimia 80 ni magumu. Anayekaanga nyama kwa shahamu kisha akaimalizia kwa tui zito amekusanya yote mawili katika sufuria moja.

YANAYOTOKEA TUMBONI MWA NG'OMBE

Hapa ndipo wengi hushangaa. Majani mabichi yana mafuta kidogo sana, lakini hayo kidogo ni laini, na sehemu yake kubwa ni ile aina iitwayo omega-3 inayosifiwa kwa afya ya moyo. Ikiwa ng'ombe anakula mafuta laini, imekuwaje shahamu yake ikawa ngumu?

Ng'ombe, mbuzi na kondoo ni wanyama wanaocheua. Tumbo lao la kwanza ni kama pipa kubwa lililojaa vijidudu visivyohesabika, ambavyo Muumba ameviweka humo vivunje majani yasiyoweza kuvunjwa na tumbo la mwanadamu. Vijidudu hivi havipatani na mafuta laini, yanavidhuru. Kwa hiyo vinayabadilisha kwa kuyaongezea haidrojeni, na yale yaliyopinda yakanyooka. Chakula kinapofika kwenye utumbo mwembamba ambako mafuta hufyonzwa, sehemu kubwa ya yaliyokuwa laini imeshakuwa migumu. Ni kidogo tu kinachoponyoka.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ng'ombe wa kaka yake yule mama kweli alikula majani matupu, lakini shahamu yake bado karibu nusu ilikuwa mafuta magumu. Hakuna malisho yanayoweza kumfanya ng'ombe atoe mafuta kama ya alizeti.

Hata ndani ya mnyama mmoja mafuta hayalingani. Yale yanayozunguka figo na matumbo ni magumu zaidi kuliko yale yaliyo chini ya ngozi. Ukiyashika kwa vidole utaona tofauti: ya figo humeguka kama nta, ya chini ya ngozi hulainika mkononi. Mafuta ya mkia wa kondoo nayo ni laini kuliko ya figo zake.

MAJANI AU MASHUDU?

Je, ina maana malisho hayana tofauti yoyote? Hapana, yanayo, na tuyaeleze kwa haki.

Ng'ombe wengi wanaoliwa katika miji yetu ni wa kienyeji, wenye nundu, waliokulia malishoni. Katika Kanda ya Ziwa, ambako pamba hulimwa, wako wafanyabiashara wanaonunua ng'ombe waliokonda na kuwafungia kwa miezi miwili au mitatu wakiwalisha mashudu na maganda ya mbegu za pamba, pumba za mahindi na molasi. Ng'ombe hao hunenepa haraka kwa sababu wanapata nguvu nyingi na hawatembei.

Tofauti ya kwanza ni wingi wa mafuta. Ng'ombe aliyenenepeshwa huweka mafuta chini ya ngozi, na mengine hupenya katikati ya nyuzi za nyama kama michirizi myeupe. Nyama hiyo huwa laini mdomoni na huiva upesi. Ng'ombe wa malishoni aliyetembea kilomita nyingi kutafuta maji huwa na nyama kavu zaidi, yenye nyuzi ngumu, inayotaka muda jikoni. Kwa mgonjwa wa presha, nyama hiyo kavu ndiyo bora. Kiungo anacholalamikia meno, mishipa yake inakishukuru.

Tofauti ya pili ni aina. Nyama ya mnyama aliyekula majani mabichi ina omega-3 nyingi kuliko ya aliyelishwa nafaka. Jambo hili limethibitishwa na tafiti za nchi nyingi. Lakini tusidanganyane kuhusu kiasi. Ni kiasi kidogo sana katika kipande cha nyama, wakati gramu 100 za samaki wa mafuta kama sardini zina zaidi ya gramu moja. Anayetaka omega-3 anunue dagaa na vibua. Ni rahisi, na hahitaji kusubiri Idd.

Tofauti ya tatu ni rangi. Shahamu ya ng'ombe wa malishoni mara nyingi huwa ya manjano, na wanunuzi wengine huikimbia wakidhani mnyama alikuwa na homa ya manjano au ni mzee sana. Umri unachangia kweli, lakini rangi hiyo kwa kawaida hutoka kwenye karotini, ile ile iliyomo katika karoti na katika majani mabichi. Ng'ombe huihifadhi ndani ya mafuta. Mbuzi na kondoo huigeuza karibu yote kuwa vitamini A, ndiyo maana shahamu yao ni nyeupe hata wakila majani yale yale. Mnyama mwenye maradhi ya ini hubadilika rangi si kwenye shahamu peke yake, bali hata kwenye weupe wa macho na utando wa ndani ya mwili. Hilo ni la mkaguzi wa nyama kuliamua, na mhuri wake ndio wa kuutafuta.

KUKU HUBEBA ALICHOKULA

Kuku hacheui. Hana lile pipa la vijidudu, hivyo mafuta anayokula hupita na kuhifadhiwa karibu kama yalivyo. Kwa sababu hiyo lishe ya kuku huonekana kwenye nyama yake upesi na waziwazi. Ukimlisha mahindi ya manjano, ngozi na mafuta yake huwa ya manjano. Ukimlisha dagaa wengi mpaka siku ya mwisho, mchuzi wake utanuka samaki. Wafugaji wazoefu huacha dagaa wiki moja au mbili kabla ya kuchinja ili harufu iondoke.

Mafuta ya kuku ni laini kuliko ya ng'ombe, kiasi cha asilimia 30 tu ndiyo magumu. Lakini kuku wa kisasa aliyefungiwa bandani na kula muda wote hujaza mafuta chini ya ngozi na tumboni. Ukiondoa ngozi na lile donge la tumboni kabla ya kupika, umeondoa sehemu kubwa ya mafuta yake.

Hapa niondoe dhana moja. Watu husema kuku wa kisasa huchomwa homoni ndiyo maana wanakua kwa wiki tano au sita. Ukuaji ule unatokana na mbegu iliyochaguliwa kwa vizazi vingi, pamoja na chakula chenye protini na nguvu nyingi. Kumchoma kila kuku homoni kungemtia mfugaji hasara tu. Lililo la kuogopwa kwa kuku ni jingine, nalo ni dawa, tutalifikia.

MNYAMA ASIYE NA UBOHO

Wengi wetu tumesoma madrasa kuhusu kasoro nne zinazomfanya mnyama asifae kwa udh-hiya, katika hadithi iliyopokewa na Al-Baraa bin Azib (r.a.): chongo iliyo wazi, ugonjwa ulio wazi, ulemavu wa mguu ulio wazi, na kukonda mpaka mifupa ikakosa uboho. Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani hiyo ya nne ni namna tu ya kusema mnyama amekonda sana. Nilipokuja kusoma tiba ndipo nilipoielewa vizuri.

Mnyama anapokosa chakula hutumia akiba yake ya mafuta kwa mpango. Huanza ya chini ya ngozi, kisha ya tumboni na ya figo. Mafuta ya ndani ya mifupa, yaani uboho, huyaacha mwisho kabisa. Yakifikiwa hayo, uboho mzuri ulio mgumu na mweupe hugeuka kuwa kama jeli yenye majimaji. Hata mafuta ya moyoni na ya figoni huwa hivyo hivyo. Wakaguzi wa nyama leo huitazama alama hiyo hiyo, na mzoga wa namna hiyo hukataliwa, kwa sababu unaonyesha njaa ya muda mrefu au maradhi mazito, na nyama yake yenye majimaji huharibika haraka.

Hivyo, ndugu msomaji, unapokwenda mnadani wakati wa kiangazi ukaonyeshwa mnyama wa bei rahisi aliyetokeza mifupa ya nyonga na mbavu zote, usiangalie bei peke yake. Kuwa na nyama kavu ni jambo moja, na kuwa hoi ni jambo jingine.

MNYAMA ANAYEKULA UCHAFU

Katika vitabu vya fiqhi upo mlango wa al-jallala. Ni rahisi kulikumbuka jina hilo kwa jinsi linavyofanana na neno letu jalala. Ni mnyama ambaye chakula chake kikubwa ni kinyesi na uchafu. Imepokewa kutoka kwa Ibn Umar (r.a.), katika mapokezi ya Abu Daud na Tirmidhi, kuwa Mtume (s.a.w.) alikataza kula nyama yake na kunywa maziwa yake. Wanazuoni wametofautiana kama katazo hilo ni haramu au karaha, na katika madh-hab ya Shafi wakatazama alama: je, harufu ya nyama imebadilika? Tiba yake ni kumfungia na kumlisha chakula safi mpaka harufu iishe. Wakataja muda wa siku 40 kwa ngamia, 30 kwa ng'ombe, 7 kwa mbuzi na kondoo, na 3 kwa kuku. Ibn Umar mwenyewe imepokewa kuwa alikuwa akimfungia kuku wa namna hiyo siku tatu kabla ya kumla.

Tazama jinsi mafundisho haya yanavyokubaliana na yale tuliyoyaona kwa kuku wa dagaa: mwili wa mnyama hubeba alichokula, na ukimbadilishia chakula husafika taratibu, mdogo mapema na mkubwa kwa kuchelewa.

Sasa tazama mitaa yetu. Mbuzi na ng'ombe huzurura kwenye majalala na kando ya mitaro ya maji machafu. Wachinjaji wa mijini wanajua wanachokikuta matumboni humo: mabonge ya mifuko ya plastiki. Kenya iliipiga marufuku mifuko hiyo Agosti 2017 na Tanzania Juni 2019, lakini iliyotupwa miaka ya nyuma bado ipo ardhini, na vifungashio vingine vinaendelea kutupwa. Plastiki huziba tumbo, mnyama akakonda huku tumbo limejaa. Jalala lenye betri chakavu na rangi za zamani lina madini ya risasi, ambayo hayaondoki kwa siku saba wala thelathini. Hukaa mifupani, kwenye ini na kwenye figo. Moto wa jikoni hauyaondoi. Mtoto ndiye huumizwa zaidi, maana risasi hudhuru ubongo unaokua.

Yapo pia mahindi yaliyoota ukungu. Mwaka 2004 huko mashariki mwa Kenya watu 125 walikufa kwa sumukuvu iliyokuwa katika mahindi. Mahindi kama hayo wengine husema, "Basi tuwape mifugo." Ng'ombe wa maziwa akila sumukuvu, sehemu yake hutoka kwenye maziwa, na nyingine hubaki kwenye ini. Ukimpa mnyama, umeizungusha tu mpaka ikarudi mezani.

Na nchi tajiri nazo zilipata somo lake. Uingereza, viwanda vya chakula cha mifugo vilikuwa vikiwalisha ng'ombe unga uliotengenezwa kwa mabaki ya nyama na mifupa ya wanyama wengine, wakiwemo ng'ombe wenzao. Mwaka 1986 ukatambuliwa ugonjwa mpya uliokuja kujulikana kama kichaa cha ng'ombe. Lishe hiyo ilipigwa marufuku mwaka 1988, lakini ng'ombe zaidi ya 180,000 walithibitika kuugua. Mwaka 1996 serikali ya nchi hiyo ilitangaza kuwa ugonjwa huo huenda umewafikia binadamu kwa njia ya nyama, na baadaye watu 178 walikufa huko kwa aina yake ya kibinadamu. Mnyama aliyeumbwa kula majani alilishwa nyama, na gharama ikalipwa na mlaji.

SINDANO YA JUZI

Mfugaji kumtibu mnyama si kosa, bali ni wajibu wake. Kosa ni kumchoma Jumatatu na kumuuza Alhamisi. Kila dawa ya mifugo ina siku zilizoandikwa kwenye chupa ambazo mnyama hatakiwi kuchinjwa wala kukamuliwa kwa ajili ya watu. Kwa ile sindano maarufu ya oksitetrasaiklini inayokaa mwilini muda mrefu, lebo nyingi hutaja wiki tatu au nne. Masalia ya dawa yanaweza kumdhuru mwenye mzio. Zaidi ya hayo, matumizi ya ovyo ya antibiotiki, hasa kwa kuku wanaochanganyiwa katika maji kila siku, hulea vijidudu sugu. Vijidudu hivyo ndivyo vinavyotufikia kituoni kwa sura ya kidonda kisichopona na kuhara kusikokatika, na dawa tunayoitoa haifanyi kazi.

Mfugaji Mwislamu anayeficha habari ya sindano ameficha aibu ya bidhaa yake. Na sisi wanunuzi tuna wajibu wa kuuliza. Swali, "Huyu amechomwa lini mara ya mwisho?" halimvunjii mtu heshima.

SAA ZA MWISHO

Mnyama anaweza kulishwa vizuri miaka mitatu, kisha nyama yake ikaharibiwa kwa siku mbili. Ng'ombe wa Dar es Salaam wengi hufika mnada wa Pugu kwa malori kutoka mikoa ya mbali, wakiwa wamesimama, wamebanana, bila maji. Ndani ya misuli ya mnyama aliyepumzika ipo akiba ya sukari. Baada ya kuchinjwa, sukari hiyo hugeuka kuwa asidi, na uchachu huo huilinda nyama isiozwe upesi na bakteria, huku ukiipa rangi nyekundu nzuri. Mnyama aliyeteswa njiani, aliyepigwa na kutishwa, huwa ameimaliza akiba hiyo angali hai. Nyama yake huwa nyeusi, inanata vidoleni na huoza mapema.

Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Shaddad bin Aus iliyomo katika Sahih Muslim, ametuamrisha wema hata katika kuchinja, tunoe kisu na tumpumzishe mnyama. Ukimnunua mbuzi wa Idd, mlete nyumbani siku mbili tatu kabla. Mpe kivuli, majani na maji safi. Usinoe kisu mbele yake, wala usimchinje mwenzake anaona. Huo ni wema kwa mnyama, na faida yake inakurudia sahanini.

UFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, uliza mnyama alitoka wapi na alikula nini. Anayefuga nyumbani amfungie kuku au mbuzi wake na kumlisha chakula safi kabla ya kumchinja.

Pili, punguza mafuta kwa kisu kabla ya moto. Ondoa shahamu inayoonekana, hasa ya figo na matumbo. Supu iache ipoe, mafuta yakiganda juu uyaengue.

Tatu, angalia kiasi. Ushauri wa wataalamu wa kinga ya saratani ni nyama nyekundu isizidi gramu 350 hadi 500 kwa wiki, ikiwa imeshapikwa. Siku zinazobaki zina kunde, maharage, samaki na mboga za majani. Nyama ya udh-hiya tumefundishwa kuigawa. Tukiigawa kweli, majirani watafurahi na mishipa yetu itapumzika.

Nne, maini na figo za mnyama usiyemjua usiwape watoto mara kwa mara.

Tano, mwenye presha asiache vidonge kwa sababu ya chakula chochote, kiwe cha kienyeji au cha kisasa.

Yule mama alirudi baada ya mwezi na majibu ya kipimo. Lehemu mbaya ilikuwa juu. Hakubishana. Aliniambia ile ndoo bado ina shahamu nusu, na hapendi kutupa riziki ya Mwenyezi Mungu. Tukakubaliana atengenezee sabuni. Vidonge sasa vinakaa karibu na mswala, anavimeza akimaliza Alfajiri. Safari ya mwisho presha yake ilikuwa 140 kwa 88, na kaka yake ameahidi kuwa mwaka huu atamletea mnofu.

Wabillahi tawfiq.